Sumu ya Samaki Haiondoki kwa Moto: Kinga Huanzia Mwaloni

Kwa wakazi wa Mbweni na maeneo jirani ya Ununio, Kunduchi na Bunju katika Manispaa ya Kinondoni, samaki ni kitoweo cha kila siku na ni ajira ya watu wengi: wavuvi, wachuuzi, wauza barafu, waendesha bodaboda wanaosafirisha matenga, na akina mama karanga wanaokaanga na kuuza vipande mitaani. Kwa sehemu kubwa sana, samaki hao ni chakula salama chenye lishe bora. Hata hivyo, wapo samaki na viumbe wengine wa baharini wanaoweza kubeba sumu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu, na isiyoondolewa na mapishi ya aina yoyote.

Makala haya yanaeleza aina za sumu hizo, jinsi zinavyoingia katika mwili wa samaki, dalili zake kwa binadamu, hatua za kuchukua mtu anapoathirika, na wajibu wa kila mhusika kuanzia chomboni hadi mezani.

Tofauti kati ya vijidudu na sumu

Watu wengi wamezoea kuamini kwamba chakula kilichoiva vizuri ni chakula salama. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake una mpaka. Moto huua vijidudu kama vile bakteria wa kipindupindu na wale wanaosababisha homa ya matumbo. Ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza chakula kipikwe kikaive na kiliwe kikiwa cha moto.

Sumu ni jambo jingine. Sumu si kiumbe hai, hivyo haiwezi kuuawa. Ni kemikali iliyokwisha kujengeka ndani ya nyama, ini, mayai au ngozi ya samaki, na kemikali nyingi za namna hiyo hustahimili joto la jikoni. Kuchemsha kwa saa nyingi, kukaanga hadi kukauka, kuoka, kutia ndimu na chumvi, kuanika juani au kugandisha kwenye jokofu hakuziondoi. Samaki mwenye sumu anaweza kuwa mbichi kabisa, akawa na macho maangavu na matamvua mekundu, na bado akamdhuru mlaji.

Kwa sababu hiyo, kinga dhidi ya sumu za samaki haipatikani jikoni. Inapatikana kabla ya samaki kufika jikoni: katika kuchagua aina ya samaki, katika kumhifadhi kwenye barafu tangu anapovuliwa, na katika kukataa kununua kiumbe kisichofaa kuliwa.

Funzo la Kisiwa cha Panza

Tukio lililoutikisa zaidi mwambao wa Tanzania katika miaka ya karibuni lilitokea Machi 2024 katika Kisiwa cha Panza, kilichopo kusini mwa Pemba, Wilaya ya Mkoani. Watoto 8 na mtu mzima 1, ambaye alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao, walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Watu wengine 78 walilazwa hospitalini. Mamlaka za afya za wilaya hiyo zilieleza kuwa vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba waathirika wote walikuwa wamekula nyama hiyo. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilituma timu ya maafa ikiongozwa na Hamza Hassan Juma, ambaye aliwataka wananchi kuacha kabisa kula kasa.

Tukio hilo halikuwa la kwanza. Novemba 2021, watu 7 walifariki dunia huko huko Pemba kwa sababu hiyo hiyo, akiwamo mtoto wa miaka 3.

Kisayansi kasa si samaki, bali ni mnyama wa jamii ya wanyama watambaao. Anatajwa hapa kwa sababu sumu yake humfikia mlaji kwa njia ile ile ya vyakula vya baharini na hushinda moto kwa namna ile ile. Wataalamu wanaihusisha sumu hiyo na mwani wenye sumu ambao kasa huula bila yeye mwenyewe kudhurika. Hakuna alama ya nje inayoweza kumtambulisha kasa mwenye sumu, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Kasa mmoja anaweza kuliwa na asilete madhara, na mwingine kutoka bahari hiyo hiyo akaua familia. Uzoefu wa wazee waliowahi kumla pasipo kudhurika si ushahidi wa usalama.

Watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima, kwani mwili mdogo hupokea sumu nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Aidha, imeshuhudiwa katika matukio ya nchi mbalimbali kwamba sumu ya kasa hupita katika maziwa ya mama. Mtoto anayenyonya anaweza kuugua, hata kufa, pasipo kuonja nyama hiyo, huku mama aliyeila akiwa na dalili ndogo.

Kasa wanalindwa kisheria Tanzania Bara na Zanzibar. Fukwe za Kigamboni, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Temeke, ni miongoni mwa mahali kasa wanapotaga mayai. Kwa wakazi wa fukwe za Dar es Salaam, hivyo basi, katazo la kumvua, kumuuza na kumla kasa linalinda mambo mawili kwa pamoja: kiumbe kilicho hatarini kutoweka na maisha ya binadamu.

Bunju: samaki anayejulikana kwa jina na kwa madhara

Jina la Bunju, kata jirani na Mbweni, ni jina pia la samaki anayefahamika na wavuvi wa Kiswahili kwa sumu yake. Bunju ana umbo nene, hana magamba ya kawaida, na ngozi yake huwa laini au yenye miiba. Meno yake manne mapana hufanana na mdomo wa kasuku. Anapotishwa hujijaza maji au hewa akavimba kama mpira.

Sumu ya bunju, ambayo wataalamu huiita tetrodotoksini, hupatikana kwa wingi katika ini, mayai, matumbo na ngozi. Katika baadhi ya aina hupatikana hata kwenye minofu. Kiasi cha miligramu 1 hadi 2 tu kinatosha kumuua mtu mzima. Sumu hiyo huziba njia ambazo mishipa ya fahamu huzitumia kupeleka taarifa kwenye misuli. Dalili huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, mara nyingi ndani ya saa moja baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Hufuatiwa na ganzi ya uso na vidole, kutapika, kulegea kwa miguu na mikono, kushindwa kuzungumza, na hatimaye misuli ya kupumua kuacha kufanya kazi.

Jambo ambalo ndugu wa mgonjwa wanapaswa kulifahamu ni kwamba mtu aliyepooza kwa sumu ya bunju anaweza kuwa bado ana fahamu zake na anasikia yote yanayosemwa, ingawa hawezi kufumbua macho wala kujibu. Hakuna dawa inayoondoa sumu hiyo, lakini mgonjwa anayesaidiwa kupumua kwa mashine hadi sumu iishe mwilini ana nafasi nzuri ya kupona. Kila dakika inayopotea nyumbani huipunguza nafasi hiyo.

Kumbukumbu za madhara ya samaki huyu ni za muda mrefu. Mwaka 1774, Kapteni James Cook na wenzake wawili walionja ini na mayai ya samaki wa jamii hiyo katika kisiwa cha New Caledonia, wakapatwa na ganzi na kulegea viungo. Walipona, lakini nguruwe mmoja aliyekula matumbo ya samaki huyo alikufa. Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 1967 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyefariki dunia baada ya kula bunju. Nchini Japani, ambako samaki huyo huliwa, mpishi hapaswi kumwandaa bila leseni maalumu, na ini lake limepigwa marufuku mahotelini. Mpishi wa nyumbani hana mafunzo hayo, na kumsafisha bunju kwa uangalifu hakuwezi kuchukua nafasi yake.

Hatari huongezeka samaki huyo anapochunwa ngozi na kukatwa kichwa, kwani mnunuzi hawezi tena kumtambua. Wananchi wanashauriwa kununua samaki mzima anayetambulika kwa jina, au vipande vilivyokatwa mbele yao, na kuepuka minofu au ng'onda isiyojulikana imetokana na samaki gani.

Histamini: sumu inayozaliwa kwa kukosa barafu

Sumu ya bunju na ya kasa huwamo mwilini mwa kiumbe kabla hajavuliwa. Ipo sumu nyingine ambayo hutengenezwa baada ya samaki kufa, kutokana na uhifadhi mbaya. Hii ni histamini, na ndiyo inayowahusu moja kwa moja wafanyabiashara wa samaki wa Mbweni, Kunduchi, Msasani na Soko la Samaki la Kimataifa Feri.

Samaki kama jodari, sehewa, vibua, nguru, nduaro na baadhi ya dagaa wana kiasi kikubwa cha kirutubisho kiitwacho histidini katika nyama yao. Samaki hao wakikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Katika jiji la Dar es Salaam, ambako joto mara nyingi huzidi nyuzi 25, mabadiliko hayo huweza kuanza ndani ya saa chache. Samaki anaweza kuwa tayari na sumu kabla hajaanza kutoa harufu mbaya. Kumweka kwenye barafu baadaye huzuia sumu isiongezeke haraka, lakini hakuondoi ile iliyokwisha kutengenezwa. Kumkaanga nako hakuiondoi.

Mtu aliyekula samaki mwenye histamini huanza kuugua ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Uso na shingo huwa vyekundu na vya moto, kichwa huuma, moyo hudunda kwa kasi, ngozi huwasha na kutoa vipele, mdomo huhisi mwasho kama wa pilipili, na wengine hutapika au kuharisha. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya siku moja, na dawa za kuzuia mzio huwasaidia. Hata hivyo, wenye pumu au maradhi ya moyo wanaweza kupata madhara makubwa.

Dalili hizo zinafanana mno na mzio. Matokeo yake, mtu huambiwa kwamba samaki hampatani naye, akaacha kula samaki maisha yake yote, ilhali tatizo halikuwa mwilini mwake bali katika tenga lililokosa barafu. Familia nzima au wateja kadhaa wa muuzaji mmoja wanapopatwa na dalili hizo kwa wakati mmoja, hiyo ni ishara kwamba chanzo ni samaki, na taarifa inapaswa kutolewa.

Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), vimeweka kikomo cha miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki. Njia ya kubaki chini ya kikomo hicho ni rahisi kuieleza: samaki apozwe mara tu anapovuliwa na abaki kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0 hadi anapopikwa. Kwa nchi za joto, wataalamu wa uvuvi hushauri kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki. Mvuvi anayetoka na ngalawa au mashua bila sanduku la barafu, kwa matumaini ya kurejea mapema, huanza kupoteza usalama wa samaki wake kabla hajafika pwani.

Siguatera na samaki wa miambani

Aina ya nne ya sumu hutokana na mwani mdogo sana unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa na majani ya baharini. Samaki wadogo hula mwani huo, samaki wakubwa huwala wadogo, na sumu hujikusanya zaidi kwa kila hatua. Ndiyo maana samaki wakubwa wawindaji wa miambani, kama vile mzia, chewa wakubwa na mkunga, ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuibeba. Ugonjwa unaotokana nayo huitwa siguatera. Katika Bahari ya Hindi umeripotiwa zaidi katika visiwa vya Mauritius na Réunion.

Mwani huo upo pia katika maji ya Tanzania. Utafiti wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la sayansi ya bahari la ukanda huu ulihusu maisha ya mwani huo katika mwambao wa kati wa nchi. Kuwapo kwa mwani hakumaanishi kwamba samaki wa eneo husika wana sumu, kwani wingi wake hubadilika kwa majira na mahali. Kunamaanisha kwamba wahudumu wa afya wa mwambao wanapaswa kuufikiria ugonjwa huo mgonjwa anapofika na dalili zake.

Dalili hizo ni kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo, zikifuatiwa na ganzi ya midomo na vidole, maumivu ya viungo na mapigo ya moyo kuwa ya taratibu. Ipo dalili moja isiyo ya kawaida inayowasaidia wataalamu: kitu cha baridi humchoma mgonjwa kana kwamba ni cha moto. Siguatera huua mara chache, lakini ganzi, mwasho na uchovu vinaweza kudumu kwa wiki au miezi.

Uharibifu wa matumbawe huwapa mwani huo nafasi ya kuota. Uhifadhi wa maeneo tengefu ya bahari yaliyo karibu na Mbweni, ikiwemo visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini na Fungu Yasini, pamoja na mapambano dhidi ya uvuvi wa baruti, yana faida kwa afya ya mlaji pia.

Samaki mmoja, mji mzima

Novemba 1993, katika mji wa Manakara, kusini mashariki mwa Madagaska, watu 188 waliugua baada ya kula nyama ya papa mmoja. Karibu kila aliyeila aliathirika, na takriban asilimia 30 walifariki dunia. Dalili zilianza saa 5 hadi 10 baada ya mlo, na zilikuwa za mishipa ya fahamu zaidi kuliko za tumbo: wagonjwa walipoteza uwezo wa kusimama na kutembea sawasawa.

Tukio hilo linaeleza kwa nini sumu ya samaki ni suala la afya ya jamii na si la kaya moja. Samaki mkubwa hugawanywa. Fungu moja huliwa na mvuvi, jingine hupelekwa kwa jirani, jingine huuzwa mitaani, na jingine hukaushwa kuwa ng'onda wa kuliwa wiki kadhaa baadaye. Hadi mgonjwa wa kwanza anapofika hospitali, mafungu mengine yanaweza kuwa bado yako majikoni. Taarifa ya mapema inaweza kuokoa watu ambao bado hawajala.

Sumu inayotiwa na binadamu

Mbali na sumu za asili, wapo watu wachache wanaovua kwa kutumia utupa, viuatilifu au kemikali nyingine. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa kutumia sumu. Madhara yake si kwa mlaji peke yake. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kutokana na hofu ya uvuvi wa kutumia viuatilifu, na biashara ya Tanzania, Kenya na Uganda ikaathirika kwa pamoja. Vitendo vya wachache vilifunga soko la wengi. Biashara ya samaki husimama juu ya imani ya mnunuzi, na imani hiyo huvunjika upesi kuliko inavyojengwa.

Hatua za kuchukua mtu anapougua

Mtu yeyote anayepata ganzi ya midomo, kulegea viungo, kutapika mfululizo, kupumua kwa shida au uso kuwa mwekundu baada ya kula samaki au kiumbe kingine cha baharini anapaswa kupelekwa kituo cha afya mara moja. Familia izingatie yafuatayo:

1. Asisubiriwe kuona kama hali itatulia yenyewe. Mwenye ganzi au udhaifu wa viungo apelekwe kwanza kuliko wengine, hata kama anazungumza vizuri.

2. Asilazimishwe kutapika. Maziwa, maji ya dafu, mafuta na dawa za mitishamba haviondoi sumu hizi, na mtu aliyelegea koo anaweza kupaliwa.

3. Aliyepoteza nguvu alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akiacha kupumua, mwenye ujuzi amsaidie kupumua hadi afikishwe hospitali.

4. Wote waliokula chakula hicho wajulishwe na waangaliwe, hata wasio na dalili. Ikiwa mama anayenyonyesha amekula kasa, mtoto naye apelekwe.

5. Mabaki ya samaki, yaliyopikwa na mabichi, yahifadhiwe katika mfuko safi mahali pa baridi na yakabidhiwe kwa mhudumu wa afya kwa ajili ya uchunguzi. Yasiliwe na wala wasipewe wanyama.

6. Mhudumu wa afya aelezwe ukweli: ni kiumbe gani kililiwa, kilinunuliwa wapi, saa ngapi, na nani wengine walikula.

Hatua ya sita ndiyo inayoshindikana mara nyingi. Wapo wanaoogopa kutaja kasa kwa sababu ni kosa kisheria kumvua na kumla. Wengine hudhani mgonjwa amerogwa au amewekewa sumu na mtu, na hivyo uhasama huzuka kati ya majirani. Ukimya huo hugharimu maisha. Daktari asiyejua kilicholiwa hupoteza muda kutafuta malaria, kipindupindu au kiharusi. Kwa mtoto aliyekula kasa au bunju, muda huo unaweza kuwa ndio muda wote alionao.

Wajibu wa taasisi na wa wadau

Usimamizi wa usalama wa samaki hugawanyika kwa taasisi kadhaa. Wizara ya Mifugo na Uvuvi husimamia uvuvi, mialo na ubora wa mazao ya uvuvi, na ina Maabara ya Taifa ya Uhakiki Ubora wa Samaki iliyopo Nyegezi, Mwanza. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia usalama wa chakula, jukumu lililohamishiwa kwake mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya uchunguzi wa sampuli zinazohofiwa kuwa na sumu. Wizara ya Afya, kupitia waganga wakuu wa mikoa na wilaya, hufuatilia milipuko na kuelekeza matibabu. Halmashauri, kupitia maafisa afya na maafisa uvuvi, ndizo zilizo karibu zaidi na mwananchi.

Katika ngazi ya mwalo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vina nafasi ya pekee. Wanakikundi huona samaki kabla ya mnada, hivyo wanaweza kuwaondoa bunju waliochanganyika na samaki wengine, kukataa kasa asishushwe, na kuhimiza matumizi ya barafu. Mnada unaotenganisha samaki waliokaa kwenye barafu na wasiokaa humpa mvuvi mwangalifu bei inayolingana na juhudi zake.

Wachuuzi na akina mama karanga nao wana sehemu yao. Samaki waliobaki jioni wasirudishwe sokoni kesho yake kwa kukaangwa tena, kwani mafuta ya moto hufunika harufu lakini hayagusi histamini. Mnunuzi, kwa upande wake, aulize samaki amevuliwa lini na amehifadhiwaje, achague aliyezungukwa na barafu badala ya aliyewekwa juu ya meza yenye jua, na ampeleke nyumbani bila kuchelewa.

Ni muhimu pia taarifa za matukio ya sumu zitolewe kwa usahihi. Uvumi unaosambazwa kwa simu kwamba samaki wote wa eneo fulani wana sumu huwatia hasara wavuvi wasio na hatia na kuwanyima watoto lishe wanayoihitaji, huku chanzo halisi kikibaki bila kuchunguzwa. Mwenye taarifa aipeleke kwa mtendaji wa mtaa, afisa afya wa kata au kituo cha afya kilicho karibu, au apige simu ya bure ya Wizara ya Afya namba 199.

Kwa kaya za Mbweni na mwambao mzima, muhtasari wa elimu hii ni mfupi. Kasa na bunju wasiliwe kabisa. Jodari, vibua na nguru wanunuliwe wakiwa kwenye barafu. Samaki asiyetambulika asiingie jikoni. Na mtu anapougua baada ya kula samaki, apelekwe hospitali haraka, pamoja na ukweli wote kuhusu alichokula.